Mboji ya shimo la parachichi: kuchanganya, kupima na kujaza hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mkulima anayepanda parachichi aina ya Hass zilizobebeshwa (zilizounganishwa juu ya shina la mche mwingine) kwenye udongo mwekundu wa Njombe, Mufindi na maeneo yanayofanana nayo, yenye msimu mmoja wa mvua, na anayetaka kujaza shimo bila mbolea ya kiwandani. Vipimo vyote ni vya shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Debe linalotajwa hapa ni ndoo ya lita 20 iliyojazwa bila kushindiliwa.

Jambo moja litawale kazi yote: mbolea ikae juu. Mashamba mengi bado yanamwagiwa madebe mawili au matatu ya samadi chini kabisa ya shimo, kisha udongo unafuata. Mwaka wa kwanza mti unaonekana mzuri. Shida inaanza baadaye. Mizizi inayoulisha mparachichi iko karibu na uso wa ardhi, mingi ndani ya sentimita 30 za juu, karibu haina vinyweleo, na inahitaji hewa kuliko mizizi ya mazao mengi. Samadi iliyofukiwa sentimita 60 chini haipati hewa. Inaoza vibaya, inatoa gesi zinazoua ncha za mizizi, na inapopungua ujazo udongo wa juu unadidimia. Mche unazama pamoja nao, mahali pa kubebeshea panafukiwa, maji yanatuama kwenye shina, na vimelea vya uozo wa mizizi, Phytophthora cinnamomi, vinapata mazingira vinavyoyapenda. Mti uliofikia hapo hauponi kwa kuongezewa mbolea.

Hatua ya 1: Panga kalenda kuanzia mwezi wa kupanda

Ukipanda Desemba, mvua ikiwa imeshakolea, lundo la mboji lijengwe Mei au Juni, wakati mabua ya mahindi yanapatikana kwa wingi. Mashimo yachimbwe Agosti hadi Septemba, na yajazwe mwishoni mwa Septemba au Oktoba ili udongo upate wiki sita au zaidi za kushuka kabla mche haujaingia. Anayechimba, kuchanganya na kupanda siku hiyo hiyo atajikuta Februari anafukua miche iliyozama.

Usichimbe wakati wa masika. Udongo wa mfinyanzi ukiwa umelowa, chepe linaulainisha ukutani mwa shimo hadi unang'aa, na ukuta ule ukikauka mizizi haiupenyi.

Hatua ya 2: Jenga lundo la mboji

Hapa tunahesabu mashimo 20, yaani robo eka kwa nafasi ya mita 7 kwa 7. Kila shimo litahitaji debe moja na nusu la mboji wakati wa kujaza na nusu debe ya kuongezea juu baadaye. Jumla ni madebe 40 ya mboji iliyoiva. Lundo hupungua hadi karibu nusu ya ujazo wake, kwa hiyo anza na madebe 85 hivi:

- mabua ya mahindi na maganda ya maharage yaliyokatwakatwa vipande vya kidole: madebe 40
- samadi ya ng'ombe pamoja na matandiko ya zizi: madebe 25
- majani mabichi: madebe 18
- mboji ya zamani, au udongo wa juu kutoka chini ya miti: madebe 2

Kwa majani mabichi hakuna kinachoshinda tithonia, lile alizeti pori lenye maua ya njano linaloota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake makavu yana naitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu takriban asilimia 4, na yanaoza haraka. Yakate kabla ya kutoa mbegu, na acha vijiti vigumu. Kama tithonia haipatikani, tumia majani ya mikunde yoyote, au magugu mabichi ambayo hayajatoa mbegu.

Chagua mahali penye kivuli pasipotuamisha maji. Tandika kwanza vijiti na mabua mazima unene wa sentimita 20 ili hewa ipite chini. Kisha panga tabaka: mabua sentimita 20, majani mabichi 10, samadi 10, na konzi chache za mboji ya zamani. Nyunyizia maji kila tabaka, kwa sababu mabua makavu yakishafunikwa hayalowi tena kirahisi. Endelea hadi lundo liwe na msingi wa mita 1.5 kwa 1.5 na kimo cha mita 1.2. Usilifanye dogo zaidi. Usiku wa Juni na Julai Njombe una baridi kali, na lundo dogo halishiki joto. Lifunike kwa nyasi nene.

Chomeka fito ndefu hadi katikati. Siku ya tatu au ya nne ichomoe na uishike: ikiwa huwezi kuendelea kuishika kwa sababu ya moto, lundo liko sawa. Joto la nyuzi 55 hadi 65 likidumu siku kadhaa linaua mbegu za magugu na vimelea vingi vinavyoletwa na samadi. Joto likianza kushuka, kwa kawaida baada ya wiki moja hivi, geuza: cha nje kiende ndani, cha ndani kije nje. Rudia kila wiki mbili, mara tatu au nne. Kwa baridi ya nyanda za juu, mboji inachukua miezi mitatu hadi minne.

Lundo lenyewe linakuambia linachokosa. Harufu kali ya mkojo inayochoma pua maana yake naitrojeni imezidi na inapotea hewani, basi changanya mabua zaidi. Harufu ya yai bovu maana yake maji yamejaa na hewa hakuna: geuza siku hiyo hiyo na uongeze vitu vikavu. Ukikuta ukungu mweupe unaotimka kama vumbi katikati, lundo limekauka, ongeza maji wakati wa kugeuza. Lisipopata joto kabisa licha ya kuwa na unyevu, lina mabua mengi kuliko samadi. Mwagia mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji kiasi kilekile.

Majivu yasiingie kwenye lundo hili. Majivu yakikutana na samadi mbichi hufukuza naitrojeni hewani, na unabaki na mboji nyeusi ya kupendeza isiyo na nguvu.

Mboji iliyoiva ina rangi ya kahawia iliyokoza, inanukia udongo wa msituni, na huwezi tena kutambua lipi lilikuwa jani na lipi lilikuwa kinyesi. Kwa uhakika zaidi, lowesha konzi mbili, weka kwenye mfuko wa plastiki, funga na uache ndani ya nyumba siku tatu. Mfuko ukivimba, au ukifungua ukakutana na harufu ya uchachu, mboji haijaiva. Irudishe.

Hatua ya 3: Chimba, kisha pima maji kabla ya kitu kingine chochote

Chimba shimo la mraba, siyo la duara. Mizizi michanga ikikutana na ukuta wa mviringo huwa inazunguka, lakini kwenye kona inapenya. Udongo wa sentimita 30 za juu uweke upande mmoja, ule wa chini upande wa pili. Usivichanganye. Kwenye mteremko, udongo wa juu uuweke upande wa mlimani, na ule wa chini upande wa bondeni, maana utahitajika huko kutengenezea kingo ya kuzuia maji.

Baada ya kuchimba, chana kuta na sakafu ya shimo kwa ncha ya sururu mpaka ule uso laini uvunjike.

Sasa jaza shimo maji hadi nusu, uache yanywewe yote. Jaza tena, simamisha kijiti kilichotiwa alama, upime maji yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sentimita 5 au zaidi, endelea. Kati ya sentimita 2 na 5, panda juu ya mwinuko wa kimo cha sentimita 40 kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 8, usiuruke. Chini ya sentimita 2, shimo hilo ni chungu kisicho na tundu: ukilijaza mboji laini, maji ya mvua yote ya jirani yataingia humo na kukaa. Mahali pa namna hiyo rudisha udongo wote, inua tuta pana la kimo cha sentimita 50 hadi 60, na uchanganye mbolea kwenye tuta hilo peke yake. Kama chini kuna mwamba au tabaka la mfinyanzi wa kijivu lenye madoa ya kutu, hapo maji hutuama kila mwaka. Hamisha shimo.

Kupima shimo moja hakutoshi kwa robo eka. Pima matatu au manne, na moja liwe sehemu ya chini kabisa ya shamba. Udongo wa volkano wa Rungwe hupitisha maji haraka, kwa hiyo huko jaribio hili mara nyingi ni la dakika chache. Kwenye udongo mwekundu mzito msilipuuze.

Hatua ya 4: Jua tindikali ya udongo wako

Tindikali hupimwa kwa pH: namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi. Parachichi hupenda pH ya 5.5 hadi 6.5. Udongo wa Njombe na Mufindi mara nyingi uko chini ya hapo, na tabaka la chini huwa kali zaidi. Peleka sampuli mbili tofauti, moja ya sentimita 0 hadi 30 na nyingine ya 30 hadi 60, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole jijini Mbeya au kwenye maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kila sampuli itokane na mashimo yasiyopungua matano yaliyochanganywa. Bila majibu hayo, chokaa unaweka kwa kubahatisha, na kuipunguza ukishaizidisha ni kazi ya miaka.

Kiasi cha chokaa ya kilimo, ya dolomaiti ikipatikana kwa sababu ina magnesiamu pia, kwa udongo wa chini wa shimo moja:

- pH chini ya 5.0: gramu 300
- pH 5.0 hadi 5.5: gramu 150
- pH zaidi ya 5.5: usiweke

Wengi wataona ni kidogo. Piga hesabu: shimo lina eneo la mita za mraba 0.36. Gramu 300 kwa eneo hilo ni zaidi ya tani 8 kwa hekta, zikiwa zimesambazwa kwenye kina cha sentimita 30. Anayemwaga kilo mbili kwa shimo ameweka zaidi ya tani 50 kwa hekta, na ndiyo maana majani machanga ya miti yake yanakuwa ya njano yenye mishipa ya kijani: chuma kipo udongoni lakini mizizi haiwezi tena kukichukua.

Chokaa ya kupaka ukuta isitumike. Ile imechomwa na kuzimuliwa, ni kali, na inaunguza mizizi michanga.

Kama chokaa ya kilimo haipatikani, majivu ya kuni yaliyochekechwa yanaweza kushika nafasi yake. Nguvu yake ni karibu nusu ya chokaa, kwa hiyo gramu 300 za chokaa ni kama gramu 600 za majivu, na yanaongeza potasiamu. Chagua kimoja, usiweke vyote viwili. Majivu ya takataka zenye plastiki, mbao zilizopakwa rangi au nguzo zilizotiwa dawa yasiingie shambani kabisa.

Hatua ya 5: Viungo vingine, na kiasi chake

*Fosfeti ya Minjingu, unga mtupu: gramu 250 kwa shimo.* Mwamba huu unachimbwa Minjingu, mkoani Manyara, na una fosforasi nyingi pamoja na kalsiamu. Fosforasi haisafiri udongoni, inabaki pale ulipoiweka, kwa hiyo hii ndiyo nafasi nzuri ya kuisogeza karibu na mizizi. Inayeyushwa na tindikali ya udongo. Ndiyo sababu haichanganywi na chokaa kwenye tabaka moja: chokaa inaondoa tindikali ambayo ingeyeyusha mwamba, na unabaki na unga usiofanya kazi. Chokaa chini, fosfeti juu. Kama pH yako imezidi 6.2, hifadhi pesa zako. Soma mfuko vizuri kabla ya kununua, kwa sababu zipo aina za Minjingu zilizoongezwa naitrojeni ya kiwandani, na hizo zitakutoa kwenye kilimo hai.

*Unga wa mifupa: gramu 200, badala ya Minjingu.* Nao hufanya kazi vizuri penye tindikali. Nunua uliopikwa kwa mvuke. Mifupa ya mizoga iliyookotwa porini inaweza kuwa na kimeta, usiisage nyumbani. Mbwa wataufuata, kwa hiyo uchanganye vizuri, usiuache kama tabaka.

*Mashudu ya mwarobaini: gramu 200.* Yana naitrojeni ya wastani na yanapunguza mchwa na minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi. Yakikosekana, usitumie mashudu ya alizeti kwa kiasi kilekile ukidhani ni kitu kimoja. Ya alizeti yana naitrojeni nyingi, yanachachuka na kupata moto yakilowa, na yanaita panya. Yapitishe kwanza kwenye lundo la mboji, yasizidi debe moja kwa lundo zima.

*Chenga za mkaa: nusu debe.* Zisage hadi ziwe kama punje za mahindi au ndogo zaidi. Mkaa mkavu unanyonya virutubisho vya mboji na kuvishikilia, hivyo ushibishwe kabla: uloweke wiki mbili kwenye pipa lenye uji wa samadi, sehemu moja ya samadi kwa tano za maji. Kwenye udongo wa kichanga usiukose. Kwenye mfinyanzi mzito unaweza kuuacha bila hasara kubwa.

*Mbolea ya kuku.* Ina nguvu kuliko ya ng'ombe mara mbili, tatu, na ina chumvi nyingi. Mparachichi ni miongoni mwa miti inayovumilia chumvi kwa shida sana. Ikiwa ndiyo uliyonayo, iingize kwenye lundo la mboji badala ya samadi ya ng'ombe: madebe 8 yachukue nafasi ya yale 25, na ujazo unaobaki uujaze mabua. Usiiweke moja kwa moja shimoni hata kama imekaa bandani mwaka mzima, kwa sababu kukauka siyo kuoza. Ya kuku wa mayai ina chokaa iliyotoka kwenye chakula, kwa hiyo punguza chokaa ya hatua ya 4 kwa theluthi.

*Mbolea ya mbuzi.* Ni nzuri sana, ila zile punje ngumu zinaweza kukaa miezi bila kuoza. Ziloweke usiku kucha na kuziponda kabla ya kuzipanga lundoni.

*Vumbi la mbao na pumba za mpunga.* Karibu na mashine za mbao za Mafinga vumbi linatolewa bure, na hapo ndipo mtego ulipo. Vumbi bichi la msindano likiingia shimoni, wadudu wadogo wanaoliozesha wanachukua naitrojeni yote iliyo jirani, na mche unabaki wa njano msimu mzima. Pumba za mpunga zinaoza polepole mno. Vyote viwili ni matandazo mazuri juu ya ardhi. Chini ya ardhi visiingie.

Hatua ya 6: Changanya

Tandika turubai la mita 3 kwa 4 karibu na shimo. Kwa shimo moja unahitaji:

- udongo wa juu uliochekechwa mawe na mizizi: madebe 6
- mboji: debe 1 na nusu
- chenga za mkaa zilizoshibishwa: nusu debe
- Minjingu: gramu 250
- mashudu ya mwarobaini: gramu 200

Mboji hapo ni debe moja kwa kila manne ya udongo. Usivuke kiasi hicho. Mchanganyiko wenye nusu ya mboji unadidimia sana, na unafanya mizizi ing'ang'anie ndani ya shimo bila kutoka nje.

Unga usimwage mahali pamoja. Changanya kwanza Minjingu na mashudu kwenye ndoo pamoja na kopo tatu nne za mboji kavu, kisha nyunyiza juu ya lundo lote. Geuza kwa chepe ukihamisha lundo lote kutoka upande mmoja wa turubai kwenda mwingine. Fanya hivyo mara tatu kamili. Mara mbili hazitoshi: ukikata lundo katikati utaona bado kuna mistari ya mboji. Ukikuta funza weupe waliojikunja, wanene kama kidole kidogo, hao ni mabuu ya mende wanaokula mizizi. Watoe wote uwape kuku.

Minya konzi moja. Inatakiwa ishikane, na ukiigusa kwa kidole ivunjike. Ikitoa maji, ianike. Isiposhikana, nyunyiza maji.

Hatua ya 7: Jaribu kwa maharage

Kabla ya kujaza mashimo yote, jaza makopo matatu mchanganyiko huu, na makopo mengine matatu udongo wa juu mtupu. Panda mbegu tano tano za maharage. Subiri wiki tatu. Maharage ya mchanganyiko yakiota machache kuliko ya udongo mtupu, mboji bado ni kali. Kingo za majani zikiungua, chumvi ni nyingi. Majani mapya yakijikunja kama kikombe na shina likipinda, kuna mabaki ya dawa ya magugu yaliyoletwa na majani au samadi ya mifugo iliyolishwa mahali palipopigwa dawa. Mboji ya namna hiyo iweke kwenye mahindi, isiguse miti.

Jaribio hili linagharimu mbegu 30. Miche 20 ya Hass iliyobebeshwa ni pesa nyingine kabisa.

Hatua ya 8: Jaza shimo

Rudisha kila udongo mahali pake. Wapo wanaofundisha kugeuza, wa juu uende chini na wa chini uje juu, na kwa mazao mengine hoja yao ina uzito. Kwa parachichi haifai, kwa sababu mizizi ya kulisha mti inakaa juu, na huko ndiko udongo bora unakohitajika.

1. Vunja mabonge ya udongo wa chini yasizidi ukubwa wa yai. Changanya na chokaa ya hatua ya 4. Jaza sentimita 30 za chini. Usiweke mboji hapa. Kanyaga kwa miguu mara moja tu, bila kushindilia. Madebe mawili hivi yatabaki, yapeleke kwenye kingo upande wa bondeni.
2. Mwaga madebe mawili ya maji, uache yanywewe.
3. Jaza mchanganyiko wote. Utavuka usawa wa ardhi, na ndivyo inavyotakiwa. Tengeneza mwinuko wa upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 25 hadi 30, na mchanganyiko usipotosha ongeza udongo wa juu kutoka kati ya mistari. Kwenye shimo ambalo maji yalishuka kati ya sentimita 2 na 5 kwa saa, endelea kuongeza mpaka kimo kifike 40.
4. Chomeka kijiti katikati, funika mwinuko kwa nyasi, na uache wiki sita.

Baada ya mvua za kwanza mwinuko utashuka. Ukishuka chini ya sentimita 15, ongeza udongo wa juu kabla ya kupanda.

Hatua ya 9: Panda

Fungua nafasi katikati ya mwinuko, upana wa sentimita 30 na kina sawa na kiriba (mfuko wa plastiki wa mche). Rudishia kuzunguka mche udongo wa juu mtupu. Mizizi iliyotoka kwenye kiriba ianze kwa udongo mpole, mboji itaifikia yenyewe baada ya wiki chache.

Laza mpini wa jembe juu ya mwinuko. Uso wa udongo wa kiriba uwe juu ya mpini kwa sentimita 3 hadi 5, na mahali pa kubebeshea pawe juu ya ardhi kwa sentimita 15 au zaidi. Kata kiriba kwa wembe pande mbili ukiwa umeshausimamisha mche shimoni. Usiuvute kwa shina. Mwagia debe moja la maji taratibu.

Matandazo yafuate siku hiyo hiyo: mabua, nyasi kavu, vumbi la mbao lililokaa, unene wa sentimita 10 hadi 15, kutoka sentimita 20 mbali na shina hadi mita 1. Matandazo yaliyogusa shina yanalilowesha usiku na mchana, na gome linaoza. Matandazo ya vipande vikubwa yanayooza polepole juu ya ardhi yanalisha viumbe vinavyoshindana na Phytophthora.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu baada ya kupanda, vuta matandazo pembeni, sambaza nusu debe ya mboji juu ya ardhi chini ya ncha za matawi, rudisha matandazo. Usilime kuichanganya, maana mizizi iko hapo hapo, sentimita chache chini ya jembe lako.

Dalili za kuangalia mwaka wa kwanza

Majani ya zamani kuwa ya njano yote, mti ukisimama kukua: naitrojeni imeporwa na vitu visivyooza. Mwagia uji wa samadi uliochujwa, sehemu moja kwa kumi za maji, lita 5 kila wiki mbili.

Ncha na kingo za majani kuungua kahawia: chumvi. Chunguza mbolea ya kuku na maji unayomwagilia. Suuza kwa madebe matatu ya maji safi kwa siku moja, mara moja kwa wiki, kama shimo linapitisha maji vizuri.

Mche kunyauka mchana wakati udongo umelowa: fukua kidogo pembeni utazame mizizi midogo. Yenye afya ni myeupe inayoelekea rangi ya maziwa ya kahawa. Ikiwa myeusi na inakatika ukiigusa, uozo umeingia. Ng'oa, uchome, na usitoe udongo wa shimo hilo kwenda jingine. Osha chepe na viatu kabla ya kuhamia mti unaofuata, na anza kazi kila siku kwenye miti mizima, ile inayoumwa iwe ya mwisho.

Mchwa kwenye shina: karibu kila mara wamefuata mabua makavu yaliyoingia shimoni bila kuoza. Yatoe, sogeza matandazo mbali na shina hadi sentimita 40, na uzungushe gramu 200 za mashudu ya mwarobaini juu ya ardhi.

Mche kuzama: usiongeze udongo juu yake. Chimba kuuzunguka kwa upana wa chepe mbili, uinue na bonge lake lote, jaza udongo chini, urudishe kwenye kimo chake. Kazi hii inawezekana miezi michache ya mwanzo tu, ifanye siku ya mawingu.

Kama unauza kwa Kilimohai, nembo ya mazao ya kilimo hai, andika kwenye daftari tarehe ya kila lundo, chanzo cha samadi, na kiasi cha chokaa na Minjingu kwa kila mstari wa miti, na utunze risiti. Mkaguzi atauliza samadi ilitoka zizi la nani.